Macho Mbele ya Picha za 3D

Mtu akishika penseli kwa mkono ulionyooka, kisha akaisogeza polepole kuelekea pua, macho yake hufanya kazi mbili kwa pamoja. Yote mawili hugeuka upande wa pua, kila moja likifuata ncha ya penseli; anayemtazama usoni huona mboni zikikaribiana. Wakati huohuo, ndani ya kila jicho lenzi hunenepa ili ncha isiingie ukungu. Kwa macho yaliyoachana milimita 63, ambao ndio wastani wa mtu mzima, kitu kilicho umbali wa mita 3 hutaka mistari ya kutazama ikutane kwa pembe ya nyuzi 1.2 hivi. Kikiwa sentimita 30, pembe hiyo hufika nyuzi 12.

Kazi hizo zimefungamana ubongoni: moja ikianza, huivuta nyingine. Kwa vitu halisi huo ni msaada mkubwa, maana macho na lenzi hutafuta umbali uleule.

Picha za 3D ndizo zinazowatenganisha pacha hawa. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha, kwa chombo alichokiita stereoskopi, kwamba kila jicho likipewa picha yake, zenye tofauti ndogo, ubongo huziunganisha na kuona kina. Sinema za 3D hutumia njia hiyohiyo, miwani ikizigawa picha. Mkuki ukionekana kuruka nje ya skrini hadi hatua moja mbele ya uso, macho hugeuka ndani kuufuata. Lakini nuru yake inatoka kwenye skrini, mbali nyuma yake. Lenzi zikivutwa na macho, picha inaingia ukungu. Zikibaki kwenye skrini, macho nayo yanavutwa kurudi nyuma. Misuli hushindana hivyo kila tukio linaposogea mbele au nyuma.

Mwaka 2008 Martin Banks na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitengeneza chombo kinachoweza kubadilisha umbali wa nuru yenyewe. Umbali huo ulipolingana na ule ambao macho yalielekezwa, watazamaji waliunganisha picha haraka zaidi na kuchoka kidogo. Basi si haki kumwona mtu anayeumwa kichwa baada ya filamu kuwa anadeka. Macho yake yamefanya kazi ngumu kweli.

Ukubwa wa skrini nao una lake. Filamu iliyopimwa kwa skrini ndogo ikioneshwa kwenye kubwa, nafasi kati ya picha mbili hutanuka. Ikipita ule upana wa milimita 63, macho hutakiwa kugeukia nje, kila moja upande wake, jambo ambalo hakuna kitu halisi kinacholidai.

Kulaza kichwa begani mwa jirani huleta shida nyingine. Picha za skrini zimepangwa kushoto na kulia, ilhali macho sasa yamekaa moja juu, jingine chini. Hapo jicho moja hulazimika kupanda na jingine kushuka, na uwezo wa macho kuachana hivyo ni mdogo sana. Upesi mtazamaji huona picha mbilimbili.

Wazee hupata nafuu fulani. Lenzi zao zimekakamaa kwa umri na karibu hazibadiliki tena, hata kwa penseli halisi, kwa hiyo ule mvutano kati ya macho na lenzi huwasumbua kidogo kuliko vijana.