Chakula cha Sikukuu na cha Miezi ya Mvua

Likizo ya Desemba imekaribia. Baada ya siku chache tutatawanyika kwenda makwetu, wengine vijiji vya hapa Newala, wengine Masasi, Tandahimba na hata Mtwara. Ni majira ya furaha. Fedha za korosho zinaingia, embe zinaiva, na Krismasi na Mwaka Mpya hupokewa kwa wali, kuku na nyama, nao majirani wa dini zote hualikana.

Lakini majira hayo hayo ndiyo mvua zinapoanza, na kuanzia Januari mpaka mavuno mapya ghala nyingi hupungua. Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, anayetaka kula vizuri yampasa kutazama mambo mawili: chakula cha siku yenyewe, na kile kitakachobaki sikukuu ikiisha.

Tuanze na siku yenyewe. Mara nyingi wali hupikwa asubuhi, ukakaa sufuriani mpaka jioni kungoja wageni. Hapo pana hatari. Viko vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto. Yafaa kupika kadiri ya walaji, wala chakula kisikae wazi zaidi ya saa mbili. Kiporo cha nyama kipashwe mpaka kitokote. Tena mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe, hata nyama yake ikiuzwa rahisi, maana kimeta huua mifugo na watu pia.

Jambo la pili ni maji. Udongo wa mchanga wa uwanda wetu hunywa mvua yote, ndiyo sababu wazee wetu walikuwa wakishuka mabondeni kuteka. Siku hizi wengi hukinga maji ya mapaa. Mvua ya kwanza huosha vumbi na mavi ya ndege, basi iachwe ipite kabla ya kujaza tangi. Maji ya kunywa yachemshwe. Na hata yakiwa haba, ya kunawa mikono kwa sabuni yasikosekane. Kibuyu chirizi hutumia maji kidogo sana.

Katika matunda, tusilidharau bibo. Lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, nalo huoza chini ya mikorosho yetu. Ni bora kulila au kunywa maji yake mabichi kuliko kuligeuza gongo, ambayo ni haramu kisheria na yaweza kuwa na spiriti inayopofusha macho. Korosho nazo zisiuzwe zote. Zina mafuta mengi na utomwili wa kujenga mwili, hivyo debe moja lililowekwa nyumbani ni kitoweo cha watoto. Ila zikaangwe na kubanguliwa kwa uangalifu, kwa kuwa mafuta ya ganda lake huunguza ngozi.

Sasa tufike kwenye muhogo, ambao ndio nguzo ya miezi ya mvua. Muhogo mchungu una kitu ambacho, ukisagwa au ukilowekwa, hugeuka sumu iitwayo sianidi. Ukilowekwa siku kadhaa na kuanikwa vizuri, sumu nyingi hutoka. Lakini mwenye njaa hana subira. Mwaka 1988 wilayani Masasi watu walidhurika kwa kula unga wa muhogo uliotengenezwa kwa haraka wakati wa uhaba wa chakula. Sumu hiyo huleta kizunguzungu na kutapika. Mtu akiila majuma mengi bila kitoweo cha kutosha, yaweza kumpooza miguu kabisa, na ugonjwa huo wa konzo hauponi.

Iko njia rahisi ya kujikinga. Chukua unga wa muhogo, uchanganye na maji mpaka ulowe, kisha uutandaze juu ya mkeka au sinia, unene usizidi sentimeta moja. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu itoke hewani, kisha upike ugali siku hiyo hiyo. Tena mwili wenyewe huivunja sumu hiyo ukipata utomwili, hasa wa samaki na mayai. Ndiyo maana dagaa kidogo kando ya ugali si anasa bali ni kinga.

Hapo ndipo sikukuu na masika hukutana. Familia inayokula kuku wote na kuuza mbaazi zote mwezi wa Desemba hubaki na muhogo mtupu mwezi wa Februari, nayo huutengeneza kwa pupa. Basi ukifika nyumbani, zungumza na wazazi kwa adabu. Waombe wabakize matetea ya mayai, wanunue samaki wakavu kabla fedha hazijaisha, na watenge debe la mbaazi. Akiba haiozi. Nasi Januari turudi shuleni tukiwa na afya, tukiwaacha nyumbani wadogo zetu wenye chakula.