Choo kufunga wodini: tatizo ni dawa na kitanda, si ‘sumu’

Kwenye raundi ya asubuhi daktari huuliza homa, presha na maumivu. Choo husahaulika, na mgonjwa aliyelala futi chache kutoka kwa mwenzake haya humzuia kukitaja. Ndugu ndio huanza kuuliza, siku ya tano au ya sita: mzee hajaenda haja kubwa tangu apasuliwe, tumbo limejaa, chakula hakitaki. Kisha hufuata swali ambalo wasomaji hawachoki kulituma: je, ile sumu haitaingia kwenye damu?

Haitaingia. Mwanzoni mwa karne iliyopita Arbuthnot Lane, mpasuaji wa Hospitali ya Guy's jijini London, aliiogopa “sumu” hiyo kiasi cha kuwakata watu utumbo mpana. Mwaka 1922 Mmarekani Donaldson aliwajaza wanaume wenye afya pamba kwenye njia ya haja kubwa. Wakapata dalili zilezile za waliofunga choo. Pamba haina sumu. Kilichowasumbua ni utumbo kutanuka. Lakini wauza “dawa ya kusafisha tumbo” mitandaoni bado wanapigia debe hoja iliyokufa Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza.

Mchawi wa wodini mara nyingi ameandikwa kwenye faili la mgonjwa: mofini, kodeini, tramadoli. Utumbo una mtandao wake wa neva, seli zaidi ya milioni 100, unaoweza kusukuma chakula bila kusubiri amri ya ubongo. Neva hizo zina vipokezi vilevile ambavyo mofini hushika kwenye ubongo na uti wa mgongo ili kuzima maumivu. Ikivishika tumboni, misuli hubana bila kusogeza kitu mbele, majimaji yanayomwagwa na utumbo hupungua, na msuli wa kuzuia choo hukaza. Utumbo mpana, kwa upande wake, hauachi kunyonya maji. Kwa siku hupokea lita moja hadi moja na nusu na kuruhusu mililita 100 au 200 tu zitoke. Kinyesi kinachokawia humo hukauka.

La ajabu ni hili: kichefuchefu na usingizi wa mofini mwili huvizoea ndani ya siku chache, ila utumbo karibu hauizoei kabisa. Ndiyo maana katika tiba shufaa dawa ya choo huanza pamoja na mofini, haingoji choo kifunge.

Vidonge vya kuongeza damu navyo hufunga choo, kama ilivyo kwa amitriptilini na verapamili ya presha. Kisha kuna bedpani. Mtu akichuchumaa, msuli uliozingira njia ya haja kubwa hulegea na njia hunyooka. Akilala chali, njia hubaki imepinda, tena pazia halifiki mwisho na wageni wako mlangoni.

“Mpeni pumba.” Kwa anayetembea na kunywa maji, sawa. Kwa mgonjwa wa mofini asiyeinuka kitandani, pumba hizo hugeuka kifusi.

Sanamaki, majani ya kulegeza choo, kwa upande mwingine, si uzushi: iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ikiwa na kipimo. Unga wa kwenye chupa isiyo na lebo, uliochanganywa na nani ajuaye nini, hauna kipimo. Mgonjwa akiharishwa hovyo hupoteza potasiamu, na moyo unaihitaji.

Kuna mtego mwingine. Choo cha majimaji kidogo kidogo baada ya siku nyingi za kukosa choo huenda ni maji yanayopenya kando ya kinyesi kilichokwama. Dawa ya kuzuia kuhara hapo ni kuongeza kufuli.

Ndugu waulize kuhusu choo kuanzia siku ya pili, wampe maji kama hakukatazwa, na waombe asaidiwe kwenda chooni baada ya chai ya asubuhi, wakati utumbo husukuma kwa nguvu zaidi. Tumbo likivimba, akitapika na hata upepo hautoki, asipewe dawa yoyote ya kuharisha: utumbo huenda umeziba, na daktari aitwe saa hiyohiyo.