MAELEZO KWA WANANCHI: VIVULI VYA TURUBAI VYA KUKUNJWA KATIKA BARAZA NA PAA ZA ZEGE, KIGOMA NA UJIJI

Wananchi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika wanaokusudia kuweka vivuli vya turubai vya kukunjwa na kukunjuliwa, ama mbele ya baraza zao ama juu ya paa za zege, wanapewa maelezo yafuatayo ili wayazingatie kabla ya kununua kitambaa na kabla ya kumwita fundi wa kuchomelea. Kivuli cha namna hii kinalishinda bati kwa jambo moja kubwa: hutandazwa jua linapokuwa kali na huondolewa upepo unapochafuka. Hata hivyo, faida hiyo hupotea endapo kitambaa kitapimwa kwa jua la mahali pengine, au kitafungwa mahali pasipoweza kuhimili upepo utokao ziwani.

Jambo lenyewe si geni. Henry Stanley alipomkuta Daktari Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, wawili hao waliketi kuzungumza katika baraza ya udongo, chini ya upenu mpana wa nyumba. Neno chandarua nalo, ambalo leo wengi hulitumia kwa maana ya neti ya mbu tu, kwa asili ni kitambaa chochote kinachotandazwa juu ya watu kwa ajili ya kivuli. Nyumba nyingi za bati zinazojengwa siku hizi zina upenu mfupi, na ndiyo sababu baraza zake huachwa tupu saa za mchana.

Ifahamike kwanza kwamba jua la Kigoma halifuati saa ya ukutani kama lifanyavyo jua la pwani. Saa ya Tanzania imewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Kigoma ipo karibu na nyuzi 29 na nusu. Kwa hiyo jua hufika juu kabisa karibu na saa saba mchana, si saa sita, na huzama karibu na saa moja jioni, yaani dakika 40 hivi baada ya kuzama Dar es Salaam au Unguja. Mwananchi anayerejea kazini saa kumi jioni hulikuta jua lingali na nguvu ya saa tisa. Aidha, mji upo takriban nyuzi 5 kusini ya Ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na mapema mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Juni jua la mchana huegemea kaskazini kwa nyuzi 28 hivi, na Desemba huegemea kusini kwa nyuzi 18. Maana yake ni kwamba hakuna upande wa nyumba ulio na kivuli mwaka mzima.

Lakini adui mkubwa wa baraza za mwambao ni jua la magharibi, kwa kuwa nyumba nyingi zimeelekezwa ziwani, nako ndiko jua linakotua, nyuma ya milima ya Kongo. Tuchukue mfano wa turubai lililochomoza mita 3 kutoka ukutani, ukingo wake wa mbele ukiwa mita 2.1 juu ya sakafu. Saa kumi na moja jioni, katika miezi ya Machi na Septemba, jua huwa limeinuka nyuzi 30 tu. Mionzi hupita chini ya ukingo huo, huvuka sakafu yote na kupanda ukutani kiasi cha sentimita 35. Mwenye nyumba atakuwa ametumia fedha nyingi kukitia kivuli kichwa cha mtu aliyesimama, na watu walioketi wataendelea kuungua. Kurefusha turubai hadi mita 4 hakuleti nafuu ya kutosha. Kinachohitajika ni pazia la kuteremshwa kutoka katika ukingo wa mbele. Pazia likishuka hadi sentimita 90 kutoka sakafuni, jua la saa hiyo litaingia mita moja na nusu tu, na nusu ya ndani ya baraza itakuwa salama. Nafasi iliyoachwa chini hupitisha upepo, na aliyeketi bado ataliona ziwa. Ni vyema basi fedha ikagawanywa baina ya turubai na pazia, badala ya kumalizikia juu.

Jambo la pili ni upepo, na hapa wananchi wanaombwa kuwa makini zaidi, maana madhara yake huwafikia hata majirani. Turubai lililotandazwa ni tanga. Upepo wa kilomita 72 kwa saa, ambao dhoruba ya mvua yaweza kuuleta, husukuma kila mita ya mraba kwa uzito wa kilo 25 hivi. Turubai la mita 3 kwa 4 litavutwa kwa kilo 300. Upepo wa nusu ya kasi hiyo huvuta kwa robo tu ya uzito huo, na ndiyo maana turubai lililotulia miezi mitatu huweza kung'oka kwa dakika moja. Likifungwa kwenye ubao wa upenu, litaondoka na ubao wenyewe pamoja na mabati. Viungo vifungwe katika mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, kwa boliti zinazopenya zege, si kwa misumari wala katika tofali tupu.

Mitambo ya kiwandani yenye mikono ya kukunjwa kwa springi ni mizuri, ila ni ghali na vipuri vyake ni vya kuagizwa. Njia inayowezekana kwa mafundi wa hapa ni ya waya na pete: waya za chuma hupitishwa sambamba, kitambaa huning'inizwa kwa pete zinazoteleza, na kamba mbili zilizopitishwa katika kapi hukivuta mbele na nyuma. Yeyote aliyewahi kushughulika na tanga ataielewa kazi hii bila kufundishwa. Kosa la kawaida ni kukaza waya mpaka zinyooke kama rula. Waya wa mita 4 unaobeba kilo 75 za upepo, ukiachiwa kulegea sentimita 10 katikati, huvuta kila ncha kwa kilo 375 hivi. Ukiachiwa sentimita 20, mvuto huo hushuka hadi nusu yake. Kulegea kidogo si uzembe wa fundi.

Mvua nayo ihesabiwe. Sentimita moja ya maji iliyotuama juu ya turubai la mita 3 kwa 4 ina uzito wa kilo 120, na maji yakianza kutuama, kitambaa hubonyea na kukaribisha mengine. Mteremko usipungue sentimita 25 kwa kila mita, yaani sentimita 75 kwa turubai la mita 3.

Kwa wenye paa bapa za zege, ambako watu hupenda kupumzika jioni, haishauriwi kutoboa sakafu ya juu, kwani maji yatapenya hadi kwenye nondo. Ukuta mfupi wa pembeni uliojengwa kwa tofali moja nao si mahali pa kufungia. Nguzo zisimamishwe katika vitalu vya zege: kitalu cha sentimita 40 kila upande kina uzito wa kilo 150 hivi, na vinne vyaweza kulizuia turubai la mita 12 za mraba mara mbili ya nguvu iliyotajwa hapo juu. Vitalu hivyo viwekwe juu ya nguzo au boriti za jengo, si katikati ya sakafu, na mhandisi aulizwe kwanza.

Kuhusu kitambaa, turubai jepesi la plastiki liuzwalo madukani huharibiwa na jua upesi, na likishika moto hudondosha matone yanayounguza. Jiko la mkaa lisiwashwe chini yake hata kidogo. Turubai zito la plastiki hudumu na halipitishi maji, lakini hufungia joto chini yake, hivyo liachiwe nafasi upande wa ukutani ili hewa ya moto itoke. Maradufu ya pamba ndiyo yenye kivuli cha kupendeza kuliko yote, ila huota ukungu. Neti ya kivuli itumiwayo katika vitalu vya miche haizuii mvua, lakini kwa pazia la magharibi inafaa sana, kwa kuwa upepo hupita ndani yake.

Wanaojenga karibu na maji wanakumbushwa kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kupanda kwa maji kulikoshuhudiwa mwaka 2021 na tena mwaka 2024 kumeonyesha sababu yake. Nguzo zilizochimbiwa ardhini zisisimamishwe katika hifadhi ya barabara, na kabla ya kazi yoyote ya zege mwananchi aulize katika ofisi za Manispaa ya Kigoma/Ujiji iwapo kibali kinatakiwa.

Kazi ya kushona na kufunga inafaa ikamilishwe katika kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kabla ya mvua za Oktoba na Novemba. Katika kila nyumba ateuliwe mtu mmoja wa kulikunja turubai wingu linapojitokeza, na kamba ya kulikunjia ifungwe mahali anapoweza kuifikia bila ngazi. Turubai lisiachwe wazi usiku, wala nyumba inapokuwa haina mtu. Likikunjwa likiwa limelowa, litandazwe tena asubuhi inayofuata mpaka likauke.