Udongo Unaonasa Sumukuvu: Joto na Mkazo Ndani ya Kompyuta

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2004, watu 317 waliugua ini kwa ghafla mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafa. Wengi walikuwa wakaazi wa Makueni na Kitui. Mahindi yao yalivunwa mvua ikinyesha nje ya msimu, yakahifadhiwa kabla ya kukauka, yakaota kuvu. Wachunguzi walipopima mahindi na unga uliokuwa ukiuzwa sokoni, zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, iliyozidi sehemu 20 kwa bilioni, kiwango cha juu kilichoruhusiwa wakati huo. Asilimia 7 zilizidi sehemu 1,000.

Sumu yenyewe, aflatoksini B1, ni molekuli ndogo yenye atomu 35 tu: kaboni 17, hidrojeni 12 na oksijeni 6. Umbo lake ni bapa. Ini likishaibadilisha, ubapa huo huiwezesha kujipenyeza katikati ya ngazi za DNA na kuzing'ang'ania, na hivyo ndivyo saratani ya ini inavyoweza kuanza. Haiyeyuki mpaka ipate joto la nyuzi 268 hivi, kwa hiyo kuchemsha githeri au kusonga ugali hakuiharibu. Kukoboa mahindi ya muthokoi huipunguza kwa sababu sehemu yake huondoka na maganda, lakini hakuimalizi.

Ndiyo maana wanasayansi wamevutiwa na aina moja ya udongo wa mfinyanzi iitwayo montmorilonaiti. Udongo huu umejengwa kwa matabaka membamba, kila moja likiwa na unene wa takriban nanomita moja, na katikati yake mna maji na ayoni za kalisi. Aflatoksini ikifika hapo hulala chali kwenye tabaka, na oksijeni zake mbili zikashikwa na kalisi. Sumu iliyonaswa hivyo hupita tumboni na kutoka na choo badala ya kuingia katika damu. Udongo wa aina hii, uliosafishwa na kupimwa, umejaribiwa kwa watu wa kujitolea nchini Ghana na Kenya. Huu si odowa, udongo wa kuliwa unaouzwa sokoni. Odowa haijasafishwa kwa kazi hii na inaweza kuwa na madini yenye madhara kama risasi.

Ni udongo upi unaoshika sumu barabara, na katika hali gani? Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Katika uigaji wa mwendo wa molekuli, kompyuta hupewa mahali pa kila atomu, ikakokotoa kani zinazoivuta na kuisukuma, kisha ikaisogeza kwa hatua ya femtosekunde moja au mbili. Femtosekunde milioni moja hufanya nanosekunde moja tu, kwa hiyo hesabu hurudiwa mamilioni ya mara. Mwaka 1964 Aneesur Rahman aliiga hivyo atomu 864 za agoni iliyo kimiminika. Leo uigaji wa mamia ya maelfu ya atomu ni jambo la kawaida.

Hesabu hiyo ina thamani ikiwa tu hali iliyomo ndani ya kisanduku cha kompyuta inafanana na hali ya tumbo la binadamu. Mambo mawili makuu huamua ufanano huo: joto na mkazo.

Joto, kwa mwanafizikia, ni kipimo cha nishati ya mwendo wa atomu. Katika nyuzi 37 za mwili, molekuli ya maji hukimbia takriban mita 600 kwa sekunde. Aflatoksini inaponaswa hutoa joto kidogo. Mwilini joto hilo husambaa, lakini katika kisanduku kidogo cha kompyuta halina pa kwenda. Makosa madogo ya hesabu nayo hujilimbikiza. Basi mtafiti hulazimika kuweka kidhibiti joto.

Mwaka 1984 Herman Berendsen na wenzake walipendekeza njia nyepesi: kila hatua, kasi za atomu ziongezwe au zipunguzwe kidogo ili wastani urudi kwenye joto linalotakiwa. Njia hii hufaa sana mwanzoni, mfumo unapotulizwa. Lakini huminya kupandashuka kwa asili kwa nishati, na kupandashuka huko ndiko kunakoamua ni mara ngapi sumu itachomoka kwenye udongo. Tena yapo madhara mabaya zaidi: nishati inaweza kuhama kutoka mtetemo wa ndani wa molekuli hadi mwendo wa kundi zima. Hali hiyo ni kama basi linalokwenda kasi katika barabara ya Mombasa huku abiria wote wameganda vitini. Kipimo cha wastani husema joto ni sahihi, ilhali ndani hakuna kinachotikisika. Vidhibiti vya Shuichi Nosé na William Hoover vya 1984 na 1985, na kile cha Giovanni Bussi na wenzake cha 2007, vilibuniwa ili wastani uwe sahihi na kupandashuka nako kuwe sahihi.

Mkazo ni kani kwa kila kipimo cha eneo, na una mwelekeo. Maji husukuma sawasawa pande zote, kwa hiyo namba moja ya shinikizo inayatosha. Udongo wa matabaka hauko hivyo: kubanwa kutoka juu si sawa na kuvutwa ubavuni. Umbali wa tabaka hadi tabaka, pamoja na unene wa tabaka lenyewe, hubadilika kwa hatua: udongo mkavu huwa karibu na nanomita 1, ukipata safu moja ya maji hufika 1.25 hivi, na safu mbili 1.5. Mtafiti akifunga ukubwa wa kisanduku kisha akaichomeka aflatoksini katikati, matabaka hayawezi kuachana, na mkazo unaweza kupanda hadi maelfu ya angahewa. Sumu itaonekana imeshikwa imara, kumbe imebanwa na ukuta wa kisanduku.

Michele Parrinello na Rahman yuleyule walileta dawa ya tatizo hili mwaka 1980 na 1981: kisanduku kiachwe kibadili ukubwa na umbo mpaka mkazo wa kila upande ulingane na ule uliowekwa. Katika kisanduku kidogo, shinikizo la papo hapo huyumba kwa mamia ya angahewa hata kila kitu kikiwa sawa, kwa hiyo wastani wa muda mrefu ndio wa kutegemewa.

Kazi hii inaweza kufanywa hapa kwetu. Programu za uigaji huo kama GROMACS na LAMMPS hupatikana bila malipo, na mwaka 2012 Eldoret ilikuwa mwenyeji wa ASESMA, shule ya Afrika inayofunza kukokotoa tabia za mata kwa kompyuta. Hata hivyo, kinga ya kwanza ingali shambani na ghalani: kutumia Aflasafe, kinga ya kibiolojia dhidi ya sumukuvu ambayo shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, huitengeneza Katumani, na kukausha mahindi juu ya turubai mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Udongo ni ngao ya msimu ambao hayo yameshindikana.

Kwa hiyo, afisa wa afya wa kaunti anayeonyeshwa picha ya kompyuta ya sumu iliyonaswa aulize mambo matatu. Joto lilidhibitiwa kwa njia gani, na maji na udongo vyote vilikuwa na joto moja? Kisanduku kiliachwa kibadilike, au kilifungwa? Matokeo yalilinganishwa na vipimo vya maabara? Majibu yakikosekana, picha hiyo isitumiwe kuamua kitakachotiwa katika unga wa watu wa Kitui na Makueni.