Staje ya mfamasia ifike hadi kitandani kwa mgonjwa

Kuanzia Desemba 2014, vituo vya afya vya Ituri, ambayo wakati huo ilikuwa bado wilaya ya Jimbo la Mashariki, vilipokea wagonjwa waliopinda shingo, waliokazwa uso, wasioweza kuutawala ulimi wao. Karibu nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Dhana ya kwanza ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na kwa eneo linaloujua ugonjwa huo haikuwa dhana ya kipumbavu. Kufikia Agosti 2015 wagonjwa walikuwa wamefika 1,000 hivi, na baadhi yao wamekufa. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba vidonge vilivyogawiwa kwa jina la diazepam vilikuwa na haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili ambayo huweza kukaza misuli ya uso na shingo kwa namna hiyo hiyo. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari ya kimataifa.

Kisa hiki kinastahili kuwa somo la kwanza la kila mwanafunzi wa farmasi Bunia. Kabla maabara haijapima chochote, ilibidi mtu aulize: huyu alimeza nini kabla ya kuugua, kopo lilitoka depo gani, na nani mwingine alikula kutoka kopo hilo? Daktari hufundishwa kutafuta ugonjwa. Anayefundishwa kuishuku dawa yenyewe ni mfamasia. Tena tufikirie hatari iliyokuwepo: mgonjwa aliyekakamaa huweza kupewa diazepam ili misuli ilegee, na kama ingetoka katika kopo lile lile, tiba ingekuwa sumu juu ya sumu. Ninachodai hapa ni kimoja. Mafunzo ya kazini ya mwanafunzi wa farmasi, yaani staje, hayana maana kamili mpaka yamfuate mgonjwa na kuifuata dawa kwa pande zote mbili, kutoka depo hadi wodini, na kutoka wodini kurudi depo.

Staje inayopatikana kwa urahisi katika miji yetu ni ile ya nyuma ya meza ya duka. Mwanafunzi anayekaa mtaa wa Rwambuzi, hapa Bunia, hahitaji hata nauli ya motari kupata duka la dawa la kumpokea. Huko atajifunza majina, bei, mpangilio wa rafu na tarehe za mwisho wa matumizi, mambo ambayo hakuna anayeyadharau. Ila duka halimwonyeshi matokeo. Mnunuzi huondoka na mfuko wake, na kama dawa imemdhuru au haikumsaidia, mara nyingi muuzaji hatajua kamwe. Mtu anayeweza kumaliza staje nzima bila kumwona mgonjwa hata mmoja siku ya tatu ya matibabu amejifunza biashara ya dawa. Matumizi yake bado hayajui.

Chukua malaria kali ya mtoto, kazi ya kila siku katika wodi za Ituri. Tangu utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo, artesunate ya sindano imechukua nafasi ya kwinini, kwa kuwa ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano. Lakini ubora huo hautoki ndani ya kichupa peke yake. Unga wa miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita moja ya bikaboneti, kisha huongezwa maji ya chumvi au ya glukosi: mililita tano kama sindano ni ya mshipa, mbili kama ni ya msuli. Kwa hiyo mililita moja ya mshipa ina miligramu 10, na ile ya msuli ina 20. Mtoto wa kilo 10, ambaye kwa uzito wake hustahili miligramu tatu kwa kila kilo, atahitaji mililita tatu mshipani au moja na nusu msulini. Akichanganya njia hizo mbili, muuguzi aliyechoka usiku atatoa nusu ya kipimo, au mara mbili yake. Mchanganyiko wenyewe hauwekwi akiba mpaka asubuhi. Dozi hurudiwa saa ya 12 na ya 24, na mtoto akishaweza kumeza lazima amalizie kwa vidonge vya mseto kwa siku tatu. Hatua hii ya mwisho ni rahisi kupotea, maana mama akimwona mwanawe anacheza huomba kurudi nyumbani. Hakuna hata moja kati ya hesabu hizi iliyo ngumu kwa mwanafunzi wa mwaka wa nne. Kinachokosekana ni yeye kuwepo pale hesabu inapofanywa.

Je, kuwepo kwake kunabadili kitu? Ushahidi unaojulikana zaidi ulichapishwa mwaka 1999 kutoka hospitali kubwa ya Boston, Marekani. Mfamasia alijiunga na madaktari katika mzunguko wa asubuhi wa wodi ya wagonjwa mahututi, na madhara yaliyotokana na makosa ya kuandika dawa yakapungua kwa asilimia 66. Kati ya mapendekezo yake 366, madaktari waliyakubali 362. Nitakubali mapema kwamba Boston si Bunia, na kwamba yule alikuwa mfamasia kamili, wala si mwanafunzi. Hata hivyo, kilichofanya kazi hakikuwa mtambo wa bei kubwa. Alikuwa mtu anayejua dawa, aliyesimama mahali pa uamuzi kabla amri haijatekelezwa. Nambari ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu inajibu hofu ya wengi kwamba madaktari watakasirika. Anayekuja na hesabu iliyo sahihi, kwa adabu, kabla kosa halijafika kwa mgonjwa, husikilizwa. Anayekuja baadaye kulaumu hasikilizwi popote.

Pingamizi nzito zaidi ni ya wasimamizi. Wafamasia wengi wa nchi hii wako Kinshasa na Lubumbashi, na hospitali nyingi za mashariki huendesha farmasi yao kwa wauguzi au wasaidizi. Nani basi atamfundisha huyu mwanafunzi? Swali ni la haki, lakini linachukulia kwamba staje nzima lazima iwe mikononi mwa mtu mmoja. Vipande vyake vinaweza kugawanywa. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto anajua kuandaa artesunate kuliko wahadhiri wengi. Bohari ya CADIMEBU hapa Bunia, mojawapo ya vituo vya mikoa vinavyosambaza dawa muhimu, ni darasa la kuagiza, kupokea, kukagua na kutunza dawa. Kinachobaki kwa mfamasia ni kupitia maandishi ya mwanafunzi, na hilo linaweza kufanywa mara moja kwa wiki, hata kwa simu. Wasiwasi wa usalama nao una mizizi: Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde ilivamiwa na watu wengi wakauawa, na tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Ndiyo maana sipendekezi kumtuma mwanafunzi porini. Hospitali kuu ya rufaa na bohari hiyo ziko mjini.

Wengine watasema duka ndiko waliko watu, hivyo tumwache mwanafunzi huko. Hapa nakubaliana nao nusu. Tanzania ilianzisha Duka la Dawa Muhimu kwa majaribio Songea, mkoani Ruvuma, mwaka 2003, ikiwafundisha wauzaji, ikiweka viwango na kupeleka wakaguzi, kisha mpango ukasambaa nchini. Lakini tazama nafasi ya mfamasia katika mpango wa namna hiyo: ni mwalimu na mkaguzi wa wale wanaouza. Hawezi kumwonya muuzaji juu ya hatari ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuiona kwa mgonjwa. Duka na libaki ndani ya staje, ila lije baada ya wodi.

Kuhusu ajira, nisingependa kumdanganya kijana wala mzazi anayelipa ada. Mshahara wa serikali ni mdogo na huchelewa, na mikataba ya mashirika hufa pamoja na mradi. Lakini nafasi zenyewe zimepanuka kuliko wengi wanavyodhani. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, chanjo ilibidi itunzwe kwenye baridi kali ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, katika mikoa ambako umeme wenyewe ni wa kubahatisha. Kazi hiyo ya mnyororo wa baridi haikutoweka na ugonjwa. Kuna bohari, ofisi za zoni za afya, divisheni ya afya ya jimbo, ukaguzi chini ya mamlaka ya udhibiti wa dawa ACOREP, na kazi ya kuripoti madhara ya dawa. Anayeomba kazi yoyote kati ya hizo akiwa na cheti cha duka peke yake huonekana sawa na wenzake mia. Anayeleta daftari la wodi, lenye kila kosa alilolizuia, uzito wa mgonjwa, kipimo kilichoandikwa, kipimo kilichorekebishwa na sahihi ya mkuu wa wodi, amemrahisishia mwajiri kazi.

Daftari hilo halihitaji bajeti ya wizara. Shule ikikubaliana na hospitali moja kwamba wanafunzi wawili wawili wakae wodi ya watoto wiki nne, kisha bohari wiki nne, ndipo waende dukani, mwaka wa kwanza utatosha kuonyesha ni makosa gani hujirudia. Orodha hiyo ya makosa ndiyo mtaala wa mwaka unaofuata.