Musumeno mukubwa, hatari kubwa: fikiri mbele ya kununua



Ndani ya karyere na ndani ya izini kila mumoja wetu anajua sheria: kaske juu ya kichwa, bote ndani ya miguu, miwani mbele ya macho. Lakini siku ya yenga sheria zile tunaziacha mulangoni pamoja na nguo za kazi. Umeme umekatika, makala yamepanda bei, bibi anangoja kuni za kupikia bukari. Baba anakamata musumeno wa moteri, ule tunaouita tronsonezi, anaenda kukata miti na malapa ndani ya miguu.

Tena tunasikia wenzetu wakisema: « Masini yangu imekuwa zaifu. Nitaiuzisha, nitanunua ingine yenye nguvu zaidi. » Hatukatazi. Lakini mbele ya kutoa feza zako, soma maneno haya mpaka mwisho.

1. Ni moteri iliyochoka, ao ni meno?

Mara nyingi moteri haina kosa. Ni munyororo uliokuwa butu. Angalia unga wa mbao unaotoka: kama ni vipande vinene, meno ni makali. Kama ni vumbi laini sawa unga wa mihogo, meno yamekufa. Kama musumeno unapinda kwa upande mumoja, meno ya upande mumoja ni butu kuliko ya upande wa pili. Na kama unasukuma kwa nguvu ya mabega ili ukate, simamisha kazi. Munyororo mukali unajivuta wenyewe ndani ya muti.

Miti yetu ni migumu. Mubanga mukavu unamaliza meno upesi, na udongo wa muchwa ulioshika juu ya ganda unayamaliza upesi zaidi. Pangusa udongo ule mbele ya kukata. Beba tupa ya mviringo ya kipimo cha munyororo wako, unoe kila mara unapojaza esansi: mara mbili tatu kwa kila jino, kwa pembe ileile. Safisha chujio ya hewa. Hakikisha mafuta yanafika kwenye munyororo. Wengi waliofanya hivi waliona masini yao « zaifu » imefufuka, nao hawakutoa hata franga moja.

2. Nguvu gani inakufaa?

Masini ndogo ina moteri ya santimetre kibu karibu 40, nguvu ya kilowati karibu 2, na ubao wa santimetre 35 ao 40. Kwa kuni za nyumbani, zenye unene wa mukono ao wa paja, inatosha. Ya katikati ina santimetre kibu 50 mpaka 60 na kilowati karibu 3: ni ya mutu anayekata magogo manene kila juma. Zile za 70 na zaidi ni za watu wa kazi ya msitu, waliofundishwa kazi ile.

Musifunge ubao murefu juu ya moteri ndogo kwa kutaka kuipa ukubwa. Moteri inachoka, munyororo unachelewa, nawe unaanza kusukuma. Mutu anayesukuma musumeno anaanguka pamoja nao siku gogo linapokatika.

3. Nguvu ikiongezeka, ni nini ingine inaongezeka?

Kwanza, uzito. Kati ya masini ndogo na kubwa kuna tofauti ya kilo 2 ao 3. Asubuhi hausikii kitu. Saa kumi ya mangaribi mikono imelegea, na pale ndipo aksida inangoja.

Pili, kurudi nyuma. Kama ncha ya ubao, sehemu yake ya juu, inagusa tawi ao gogo lingine, musumeno unaruka gafula kuelekea uso na shingo yako. Unaruka upesi kuliko mutu anavyoweza kuwaza. Moteri kubwa inaurusha kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo usikate kamwe na ncha. Usikate juu ya mabega. Shika kwa mikono miwili, kidole gumba kikizunguka mukono wa mbele. Simama kidogo kando, uso wako usiwe juu ya njia ya munyororo. Na jaribu freni ya munyororo kila asubuhi: kama haishiki, masini haiendi kazini.

Tatu, mbio ya munyororo. Munyororo unakimbia karibu mita 20 kwa segonde, maana yake kilometre zaidi ya 70 kwa saa; wa masini kubwa unaweza kupita pale. Suruali ya kukinga miguu ina nyuzi zinazokamata munyororo na kuusimamisha. Lakini ya klasi ya 1 ilipimwa kwa mita 20 kwa segonde, ya klasi ya 2 kwa mita 24, ya klasi ya 3 kwa mita 28. Ukibadilisha masini, angalia kama suruali yako ingali inakutosha. Kama hauna suruali ile, hesabu bei yake pamoja na bei ya masini. Feza zikitosha masini tu, ngoja.

4. Wewe unayetoboa mawe, sikiliza

Mufanyakazi anayeshika masini ya kutoboa mawe, mikono yake inatetemeka muda wa juma lote. Akishika tronsonezi siku ya yenga, mikono haipati pumuziko hata siku moja. Mutetemo ule unaharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Dalili zake: vidole vinakufa ganzi, vinakuwa vyeupe wakati wa baridi, zaidi asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, kisha mutu anashindwa kufunga hata kifungo cha shati. Ukiendelea kama vile, ugonjwa unaweza kubaki maisha yote. Ukiona dalili hizi, enda kwa munganga mapema, na umwambie kazi zote mbili, ya kampuni na ya nyumbani.

Ni vilevile na masikio. Sauti ya tronsonezi inapita desibeli 100, na hatari ya kuziba masikio inaanza kwa 85 kama mutu anaisikia saa 8 za kazi. Masikio yako hayajui kama ni siku ya kazi ao ya pumuziko.

5. Mbele ya kuwasha

Vaa kaske yenye kinga ya uso na ya masikio, ganti na bote ngumu. Jaza esansi moteri ikiwa imepoa, kisha sogea mita 3 mbele ya kuiwasha. Iwashe chini, freni imefungwa, muguu wako ndani ya mukono wa nyuma. Gogo lililolala juu ya vitu viwili, likate kwanza juu kwa sehemu moja ya tatu, kisha umalize toka chini. Namna hiyo halitabana ubao. Watoto wasimame mbali. Wala usiende peke yako: mutu aliyekatwa anahitaji mwenzake wa kugandamiza kidonda kwa nguvu na kitambaa safi, na wa kumufikisha lopitali bila kukawia.

Ndugu mufanyakazi, kuni za juma moja zinaisha kwa juma moja. Mukono ukikatika haurudi, na kazi inakwenda pamoja nao. Noa kwanza. Kama kweli unahitaji nguvu zaidi, nunua pamoja na kinga zake. Bibi na watoto wanangoja kuni, lakini zaidi wanakungoja wewe.