Mitandao ya shule zetu ipewe sauti

Wahenga waliponena kuwa la mgambo likilia kuna jambo, hawakuwa na habari ya tarakilishi. Hata hivyo, walikwisha kuielewa siri ambayo waundaji wengi wa programu wameipuuza: jicho hutazama upande mmoja tu, ilhali sikio halina kisogo. Aliye shambani na aliye kisimani huipata habari kwa wakati mmoja, bila ya yeyote kuacha kazi yake.

Programu zinazolinda mitandao ya tarakilishi aghalabu huundwa kwa ajili ya macho. Mtambo ukiwa hai, alama ya kijani huonekana, ukizimika, nyekundu. Ni vyema, iwapo yupo mtu wa kuikodolea skrini macho kutwa kucha. Katika shule zetu nyingi mtu huyo hayupo. Mtunzaji wa mtandao ni mwalimu wa hisabati au wa fizikia, na nyekundu inapowaka yeye yumo darasani, chaki mkononi. Kwa hivyo naona ni haki programu hizi zipewe sauti, na zaidi ya sauti, maneno.

Jambo hili si geni. Mnamo Desemba 1983, Mike Muuss, aliyekuwa katika maabara ya Jeshi la Marekani jimboni Maryland, aliandika programu iitwayo ping, ambayo hutuma ujumbe mfupi kwa tarakilishi ya mbali na kungojea jibu. Jina alilitoa katika mlio wa sonari, ule unaotumwa majini ukarejea na habari za kilichomo. Muuss, aliyefariki mwaka 2000, aliwahi kusimulia kisa cha fundi mmoja ambaye mtandao wake ulikuwa ukikatika mara kwa mara. Fundi huyo aliiunganisha ping na programu ya kutamka, akavifungulia vipaza sauti vya ofisini mwake hadi mwisho. Tarakilishi ikawa inapaaza "ping, ping" kila sekunde, naye akazunguka jengo zima akitikisa viungo vya nyaya, kimoja baada ya kingine, mpaka sauti ikakoma. Hapo ndipo palipokuwa na ubovu. Ni skrini gani ingaliweza kumfuata huko?

Wako waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2000, Michael Gilfix na Alva Couch wa Chuo Kikuu cha Tufts waliitangaza Peep, programu iliyogeuza mwenendo wa mtandao kuwa sauti za maumbile, kama vile za ndege na maji. Ni werevu wa kupigiwa mfano, ila ndege hakwambii kama kilichozimika ni swichi ya maktaba au ya ofisi ya mwalimu mkuu. Neno hukwambia.

Lakini maneno nayo yana kiasi chake. Tarehe 28 Machi 1979, ajali ilipotokea katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Marekani, tahadhari zaidi ya 100 zilizuka katika dakika za mwanzo, na wahudumu wakashindwa kupambanua lipi la kushughulikiwa kwanza. Mashine ipayukayo ovyo huzoeleka, kisha huzimwa. Basi programu yetu na iseme tu hali inapobadilika, na baada ya kujaribu mara tatu bila kujibiwa. Swichi kuu ikifa, iitaje hiyo peke yake, isituorodheshee kila tarakilishi iliyo nyuma yake. Mtambo ukifufuka, itujuze pia.

Na iseme Kiswahili. Programu ya bure ya eSpeak hutamka lugha yetu, ijapokuwa kwa lafudhi ya chuma. Ndiyo iliyomo ndani ya NVDA, msomaji wa skrini ulioanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Hili lanigusa kuliko yote, maana mwanafunzi asiyeona hana haja na kijani wala nyekundu. Akisikia "swichi ya maktaba haijibu", yuko sawa na mwenzake anayeona, na huenda akamtangulia kufika.

Walimu wa somo la tarakilishi wanaotafuta mradi wa wanafunzi wao wasiende mbali. Panahitajika ping, masharti machache, eSpeak, na kipaza sauti cha bei nafuu kilichotundikwa mahali ambapo mwalimu aliye darasani atakisikia.